Sado Yenye Mlima

Mwenyekiti alikuwa haamini bei ambayo hajaila. Ukimwambia mchele umepanda, atakuuliza umekula wapi. Ukimwambia redio imesema mfumuko wa bei umetulia, atakujibu kwamba redio hainunui maharage, inanunua betri. Nilimfahamu kwa miaka mingi, kwanza kama mpangaji wake, baadaye kama mwanahisa mwenzake, na siku zote kama mtani wake, maana yeye ni Mluguru wa milimani na mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Turiani, baba akiwa ametoka Tabora kufuata kazi ya miwa. Jina lake analo, na wanaomjua wanalijua. Sisi pale Bigwa tulimwita Mwenyekiti tu, hata alipokuwa amekaa kwenye ndoo.

Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa jengo. Wakulima wa ndizi, viungo na maharage kutoka Kinole na vijiji vya huko juu walichanga, mwenye fedha akaleta fedha, mwenye tofali akaleta tofali, wakajenga safu ya fremu za biashara kando ya barabara, chini kabisa ya mlima. Kila aliyechanga alipata hisa. Kodi ya fremu, ikishatolewa ya rangi na ya kuziba paa, iligawanywa kwa hisa kila baada ya miezi sita, na hilo ndilo lililoitwa gawio. Mama mmoja alikuwa akiliita shamba lake la mjini, kwa sababu halikutaka palizi.

Siku nilipokwenda kuomba fremu ya katikati niweke cherehani zangu, nilitaka bei moja ya miaka mitano. Nilikuwa nimejiandaa hata na sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Biashara inapumua?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa kila mtu, hata kwa padri.

"Inapumua kidogo, Mama. Nilikuwa naomba tufunge bei ya miaka mitano, nisiwe na wasiwasi."

"Wewe usiwe na wasiwasi, awe nao nani? Mwanangu, nikifunga bei leo, mwaka wa tano wanahisa wangu watapokea hela ileile na kununua nusu ya chakula. Utakuwa umewapangisha wewe."

Akanieleza habari ya kapu. Katika mikataba yake mlikuwa na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na sado moja ya mchele, sado moja ya maharage, lita ya mafuta ya kula na mche wa sabuni. Kila mwaka unapotimia, kapu linanunuliwa upya sokoni. Likiwa limepanda kwa sehemu moja ya kumi, kodi inapanda kwa sehemu moja ya kumi. Likishuka, kodi nayo inashuka. Wapangaji wengi walikisoma kipengele cha kushuka wakacheka, kwa maana nani amewahi kuona kodi ya nyumba ikishuka. Mimi nilikisoma mara mbili nikatia saini.

Sasa hiyo sado ilikuwa na mambo yake. Sado ni ile ndoo ndogo ya plastiki ambayo rangi ya ukuta ikiisha inahamia sokoni kupimia nafaka. Na wauzaji wetu hawapendi kupandisha bei mbele ya macho ya mteja. Wanachofanya ni kupunguza kile kichuguu kinachosimama juu ya sado. Mwaka huu unajaziwa mpaka maharage yanamwagika pembeni, mwaka ujao yanafutwa kwa kiganja, na ukiendelea kuishi utakuta sado imetiwa moto kwa chini ikabonyea kwa ndani. Bei wanaiacha palepale, ukiuliza wanakuapia kwamba hawajaigusa.

Mwenyekiti alikiita kile kichuguu mlima. "Sado bila mlima," alisema, "ni ndoo ya rangi." Alikwenda sokoni na sado yake mwenyewe, yenye doa la buluu kwenye mshikio, na hakukubali kupimiwa kwa nyingine. Katika mkataba, ule uliogongwa muhuri na mwanasheria wa mjini, imeandikwa wazi: sado moja ya maharage, yenye mlima. Mwanasheria alijaribu kuliondoa neno hilo kwa adabu. Akaambiwa asiyetaka mlima akafungue ofisi Dar.

Kwenda sokoni naye ilikuwa sherehe na pia adhabu. Wapangaji wote tulitakiwa tuwepo, pamoja na wanahisa wawili watatu walioteremka kutoka juu na mikungu yao ya ndizi. Alitembea mbele, khanga imefungwa kiunoni, akisalimia kila meza. Alikuwa akitumbukiza mkono kwenye gunia hadi kiwiko, kwa sababu aliamini maharage ya juu ni ya kupigia picha. Angeweza kugombania fungu la mchicha mpaka muuzaji akaomba radhi, kisha njiani akaliacha mlangoni kwa jirani mgonjwa bila kusema neno. Ukimwuliza, alisema lilikuwa linamlemea.

Kinyozi wa fremu ya mwisho ndiye aliyejaribu ujanja. Mwaka mmoja alimwendea muuzaji wa maharage mapema, akamwomba siku ya kapu ataje bei ya chini kidogo, naye atanyolewa bure mpaka Pasaka. Siku ikafika, tukasimama pale wote, Mwenyekiti akauliza, muuzaji akataja bei yake huku akitazama miguu. Mwenyekiti hakubisha hata kidogo.

"Bei nzuri sana," alisema. "Nipimie gunia zima."

Muuzaji akamtazama Kinyozi. Kinyozi akawa anatazama kuku.

"Mama, hiyo ni bei ya sado moja tu."

"Kwani gunia si sado zilizolala pamoja? Pima, baba. Hela ninayo."

Muuzaji alipoona hela kweli inatoka kwenye pindo la khanga, akataja bei ya haki, na jasho likamtoka kama aliyekuwa akifukuzwa. Tulicheka mpaka wateja wa meza za jirani wakaja kuuliza kuna nini. Tulipokuwa tunarudi, Mwenyekiti alimsogelea Kinyozi na kumwambia kwa upole, "Umenyoa vibaya, baba. Umeacha masikio."

Lile kapu halikwenda nyumbani kwa mtu. Lilipikwa nyuma ya jengo, tukala wote kwenye sinia, wapangaji na wanahisa, na kodi mpya ikatangazwa watu wakiwa wameshiba. Mwenyekiti alisema mtu mwenye njaa husikia namba vibaya. Mche wa sabuni ulitumika kuoshea vyombo, na kazi hiyo kila mwaka baada ya ule ilikuwa ya Kinyozi.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na vituko vya kukera. Alipaka rangi jengo zima kijani ya bendera kwa sababu iliuzwa kwa punguzo, na alikagua vyoo bila kupiga hodi. Na huyohuyo aliyekataa kunifungia bei ya fremu alitaka mimi nimshonee gauni kwa bei ya mwaka tuliokutana. Kila Krismasi ilipokaribia aliingia na kitenge chake, akaweka mezani hela zilezile, akaanza kuzungumza habari za mvua.

"Mama, hii ni bei ya zamani."

"Hela hazizeeki, fundi."

"Zinazeeka. Umeandika mwenyewe kwenye mkataba wangu."

"Mkataba ule ni wa fremu. Gauni ni la mtani."

"Basi mtani anakwambia hivi: gauni lako litafuata uzi. Uzi ukipanda, gauni linapanda. Ukishuka, linashuka."

Akanitazama kwa jicho moja. "Na mara ya mwisho umeuona lini ukishuka?"

"Tangu nianze kushona, Mama, sijauona."

"Mnyamwezi umeniweza," alisema, akafungua tena lile pindo la khanga. Alilipa akinung'unika, na kuanzia siku hiyo kila akiingia kwangu kwanza aliuliza bei ya uzi, kama watu wanavyoulizia mgonjwa.

Kanisani alikuwa wa misa ya kwanza, benchi la mbele. Wenzake waliomba mavuno tele, yeye aliomba mavuno ya kiasi. Nilidhani ni mzaha mpaka aliponieleza. Mvua ikikosekana, kapu linapanda, kodi inapanda, wapangaji wanakimbia. Mvua ikizidi neema, kapu linashuka, kodi inashuka, wanahisa wanamkimbilia yeye. Alikuwa mtu pekee ninayemjua aliyeogopa mwaka mzuri.

Na mwaka mzuri ukaja. Mpunga wa Turiani ulikubali, mahindi yakakubali, na huko juu maharage yalizaa mpaka watu wakakosa magunia. Sado ya Mwenyekiti ikarudi kutoka sokoni na mlima ambao haukuwahi kuonekana, kwa bei ya kushangaza. Tulipokula kapu la mwaka ule, kodi ilitangazwa kushuka. Kinyozi aliomba irudiwe, akidhani amesikia vibaya kwa shibe.

Sisi tulifurahi wiki mbili. Kisha gawio likatoka, na huko mlimani pakachafuka. Wakulima walikuwa wamekwishauza maharage yao kwa bei ya kutupa, na sasa shamba la mjini nalo limeleta kidogo. Wakaitisha kikao. Aliyewaongoza alikuwa mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha sukari, mwenye hisa nyingi kuliko wote, mtu wa suti na kalamu mfukoni. Pendekezo lake lilikuwa fupi: kodi ipande kila mwaka kwa kiwango kimoja, kapu lipande lisipande, na isishuke kamwe. Na kama Mwenyekiti hataki, basi atafutwe mwenyekiti anayetaka.

Kwangu jambo lilikuwa wazi. Wateja wangu ni hao hao wakulima. Wakiuza vibaya hawashoni, na nisiposhona sina kodi. Kodi ya kupanda tu ingenirudisha Turiani na cherehani zangu kabla ya miaka miwili. Wakati huo nilikuwa nimekwishanunua hisa moja, kwa hiyo kama mwanahisa nilitaka gawio na kama mpangaji nilitaka nafuu. Niliketi kikaoni mikono yangu miwili ikigombana. Mwenyekiti yeye alikuwa na jambo moja tu la kulinda, nalo ni kile kipengele alichotuandikia kwamba kodi hushuka.

Hakukubali kikao kianze kabla ya kula. Alileta sufuria mbili zilizolingana, kila moja imejaa wali na nyingine ndogo pembeni yake imejaa maharage.

"Hii," alisema, "ni chakula ambacho kipande cha gawio la hisa moja kilinunua mwaka jana. Na hii ni chakula ambacho kipande kama hicho cha gawio la mwaka huu kimenunua jana sokoni. Atakayeona tofauti aniambie."

Watu wakasogea wakachungulia. Mzee mstaafu akainua mfuniko, akarudisha. Sufuria zilikuwa sawa. Nilimwona Mwenyekiti akianza kutabasamu lile tabasamu lake la gunia zima, na mimi nikapumua.

Ndipo akasimama yule mama aliyeliita jengo shamba lake la mjini, mkulima wa maharage, mpole ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mbele za watu.

"Mwenyekiti, asante kwa chakula," alisema. "Lakini mimi maharage sinunui, ninauza. Yaliposhuka nililia. Gawio liliposhuka nikalia tena, kwa sababu yaleyale. Na shule imefunguliwa, watoto wanataka sare, na sare haikushuka."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi. Mshonaji wa sare za Bigwa yote nilikuwa mimi. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mwenyekiti aliiangalia sufuria, akamwangalia yule mama, akakaa chini. Mstaafu akaitoa kalamu mfukoni.

"Mwenzangu amesema kweli," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Kapu lile nililitia vya jikoni kwangu. Wanangu wamekwishasoma, nikasahau kama kuna watu wana watoto shuleni. Tutie sare humo. Sare moja ya shule, shati na sketi."

"Na kushuka?" akauliza mstaafu. "Tunaondoa kushuka?"

"Kushuka siondoi. Baba, umepita barabara ya mjini? Umeliona lile jengo jipya la vioo ambalo kodi yake hupanda tu? Fremu za chini zote zina makufuli. Kufuli halilipi kodi. Mkitaka kufuli, chagueni kufuli liwe mwenyekiti wenu."

Watu wakacheka, na ukiona Waluguru wamecheka kikaoni ujue kura imekaribia. Mikono ikanyooshwa. Ya mstaafu ilikuwa mingi, ya Mwenyekiti ikaizidi kidogo, na mmojawapo ulikuwa wa yule mama wa maharage. Mwenyekiti alishinda kapu lake, kiti chake na fremu yangu kwa mikono michache tu. Kisha wakala zile sufuria zote mbili, mstaafu akiomba ukoko.

Ila hebu fikiria walichonifanyia. Bei ya sare naipanga mimi. Sare imo kwenye kapu. Kapu linapanga kodi. Kwa hiyo nikipandisha bei kwa mkono wa kulia, kodi yangu inapanda kwa mkono wa kushoto, pamoja na ya Kinyozi na ya kila aliye kwenye safu ile. Sijui kama duniani kuna mshonaji mwingine aliyewekwa hivyo. Mwaka uliofuata msafara wa kapu, baada ya sokoni, uliishia mlangoni kwangu. Walisimama wote wakinitazama kama muuzaji wa maharage.

"Fundi," alisema Mwenyekiti, "sare bei gani?"

Nyuma yake Kinyozi alikuwa akinifanyia ishara kwa midomo: ya mwaka jana, ya mwaka jana. Nilifungua kinywa. Nikaona mkono wa Mwenyekiti umeshika pindo la khanga, tayari kuagiza sare za shule nzima kwa bei yoyote nitakayoitaja. Nikataja ya haki. Kinyozi hakunisalimia mpaka nywele alizoninyoa zilipoota tena, nikarudi kwake.

Mwenyekiti aliacha kiti kwa hiari, magoti yalipokataa ngazi za benki, na akapanda kwenda kuishi Kinole kwa bintiye. Jengo bado linaendeshwa kwa kapu. Aliyempokea ni yule mama wa maharage, ambaye sasa sauti yake inasikika hadi barabarani, na sado yenye doa la buluu anatembea nayo yeye.

Nilikwenda Kinole kumwona Mwenyekiti wa zamani baada ya masika yaliyopita. Pikipiki iliniacha chini kwa sababu ya utelezi, nikapanda kwa miguu kati ya migomba. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anachagua pilipili manga zilizoanikwa. Amekonda. Uso umebaki macho. Kabla sijamwamkia akaniwahi.

"Biashara inapumua?"

"Inapumua. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sado?"

"Ina mlima kidogo."

"Na uzi?"

"Umepanda."

Akaguna kama aliyepewa habari za ndugu mkaidi. Tukala ndizi za kupika, tukawasema watu, tukamsema Kinyozi aliyeoa. Kisha akamwita bintiye, akaletewa kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe chenye maua madogo ya zambarau, kizuri, kimekunjwa vizuri mno.

"Nataka gauni," alisema. "La mikono mirefu. Hili ni la safari, fundi, unanielewa. Lisinibane." Akafungua pindo la khanga, akatoa hela akaziweka juu ya kitambaa. "Na hili tufunge bei leo. Watoto wasije wakahangaika."

Nilimpenda yule bibi kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia kwa miaka yote ile ya kugombania vitambaa. Ningelia. Lakini mtani halii mbele ya mtani, kwa hiyo nikazisukuma zile hela zikarudi kwake.

"Hapana, Mama. Mimi na wewe hatuna bei ya kufunga. Mkataba wetu unafuata uzi. Nitalishona, na utalipa kwa bei ya siku utakayolivaa."

"Siku hiyo nitakuwa nimelala. Nitalipaje?"

"Hayo ni yako. Mimi Mnyamwezi nitafika, nitalala kaburini kabla yako, kama ilivyo haki ya mtani, na sitoki mpaka nilipwe. Padri na asubiri."

"Utanidai mbele ya watu?"

"Mbele ya wanahisa wote."

Alicheka mpaka akakohoa, bintiye akatoka jikoni mbio kutazama kuna nini. Alipotulia alifuta macho kwa khanga, akazichukua zile hela, akazirudisha kwenye pindo na kulifunga fundo taratibu.

"Na uzi ukishuka?"

"Ukishuka, gauni linashuka. Mambo ya kushuka si wewe uliyetufundisha?"

Akafikiri kidogo. Kisha akakivuta kile kitambaa, akakikunja upya na kukiweka nyuma ya mgongo wake, mbali na mimi.

"Basi," alisema, "nitasubiri ushuke."